Bastola Kiunoni mwa Baba: Je, Mama Ana Neno?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya wakwe, karo ya shule, ulevi, na ule ukimya wa jioni unaoingia nyumbani bila kubisha hodi. Leo tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza juu ya bastola. Msiseme, "Hayo ni mambo ya polisi." Kitu chochote ambacho baba hukivua kiunoni usiku na kukiweka mahali fulani chumbani ni jambo la ndoa.

Tuchukue mfano wa bwana na bibi wanaoishi Kyuso, kule Kitui, upande wa kaskazini mwa Mwingi. Bwana ni mfanyabiashara wa mbuzi na ndengu. Siku ya mnada hununua mifugo tangu alfajiri, hupakia lori, na siku nyingine hurudi kutoka Mwingi giza likiwa limekwisha kuingia, akiwa na pesa taslimu ndani ya soksi, ndani ya kofia, na chini ya kiti cha gari. Miezi michache iliyopita mwenzake katika biashara alisimamishwa njiani na vijana wanne, akakatwa panga begani, akanyang'anywa kila kitu hadi viatu. Tangu siku hiyo bwana huyu halali vizuri. Mbwa akibweka, anaketi kitandani.

Sasa ameanza mipango ya kuomba cheti cha kumiliki silaha. Tena amekwisha kuchagua moyoni bastola anayoitaka: ile ya mtindo wa zamani, ya chuma kitupu, yenye nyundo ndogo inayoonekana kwa nyuma na vibao vya mti kwenye mpini. Aliiona utotoni kiunoni mwa mjomba wake aliyekuwa jeshini, na hajaisahau. Bibi alipata habari hizi akifua suruali. Mfukoni mlikuwa na karatasi yenye majina matatu yaliyoandikwa kwa kalamu: Browning, Colt, Ceska.

"Baba watoto, hii ni nini?"

"Ni mambo ya wanaume hayo, mama. Mimi si ndiye mlinzi wa nyumba hii?"

Mazungumzo yakaishia hapo. Bibi alianika nguo. Bwana akaenda dukani. Lakini sisi tusiishie hapo, kwa maana swali aliloliuliza bwana ni swali zuri, na linastahili kujibiwa na watu wawili.

Kwanza tumtendee haki. Wako watakaosema haraka kwamba Mkristo hapaswi kushika silaha, basi. Mafundisho ya Kanisa si mepesi namna hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inalizungumzia jambo hili katika namba 2263 hadi 2265. Inafundisha kwamba kuupenda uhai wako mwenyewe ni haki, na kwamba mtu anayejitetea kwa nguvu za kadiri hana kosa la kuua hata kama mshambuliaji atakufa. Inakwenda mbali zaidi: kwa mtu aliyekabidhiwa uhai wa wengine, kujitetea kwaweza kuwa wajibu mzito. Baba wa watoto watano amekabidhiwa. Hofu yake si uoga, na mke anayeicheka hofu hiyo anamwumiza bure.

Mafundisho haya yametoka mbali. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili: kuokoa uhai wangu, na kifo cha anayenishambulia. Ninalolikusudia ni lile la kwanza. La pili linanipata bila mimi kulitaka, na sina ruhusa ya kutumia nguvu kupita zinazohitajika.

Ni maneno ya busara. Lakini hebu tuyatazame kwa macho ya mtu anayebeba silaha kila siku, asubuhi hadi jioni, kama wengine tunavyobeba simu. Mtu aliyevamiwa ghafula anaokota jiwe, mwiko, jembe, chochote kilicho karibu. Hakupanga. Huyu wetu amepanga. Ameketi na karatasi na kalamu, akafikiria ukubwa wa risasi na idadi yake. Kwa hiyo kusudi lake halitapimwa tu siku ile ya giza njiani. Linapimwa leo, akiwa ametulia, anapochagua. Na ndiyo maana tunasema kwamba kuchagua bastola ni tendo la dhamiri tangu mwanzo, wala si kama kuchagua saa ya mkononi.

Ajiulize basi: ninalinda nini? Ukifungua Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, utakuta sheria ya kale inayotofautisha mwizi anayekamatwa akivunja nyumba usiku na yule anayekamatwa jua likiwa limechomoza. Akiuawa yule wa usiku, hakuna hatia ya damu. Akiuawa wa mchana, hatia ipo. Usiku mwenye nyumba hajui kama aliyeingia anataka ng'ombe au anataka roho yake. Mchana anaona. Waisraeli wa kale, watu wa mifugo kama Wakamba, walikwisha kuona kwamba mbuzi na mtu si kitu kimoja hata mtu mwenyewe akiwa mwizi.

Bwana wetu akisema, "Nataka bastola kwa sababu ya zile laki mbili za mnada," basi tumjibu kwa upole kwamba laki mbili zina dawa nyingine. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mfanyabiashara halazimiki tena kutembea na noti za siku nzima. Mwingi kuna benki. Malipo yaweza kwenda kwa simu pale pale mnadani, na safari yaweza kufanywa mchana, wawili wawili. Atasema, na atakuwa na haki kusema, kwamba siku hizi wezi humshika mtu wakamlazimisha kutoa namba ya siri. Ni kweli. Dawa hizo hazimalizi ugonjwa, zinaupunguza tu. Lakini mtu ambaye hajazijaribu, na tayari anachagua bastola, amerukia ngazi ya juu kabla ya kukanyaga ya chini. Na kama hofu yake ni wale wachungaji wa ngamia wenye bunduki kubwa, wanaosumbua watu wa Tseikuru na Ngomeni, ajue kwamba bastola ya kiunoni haiwezi kushindana na bunduki inayompiga mtu kutoka ng'ambo ya korongo.

Tuseme lakini kwamba amejaribu hayo yote, na sababu yake ni uhai, si noti. Sasa tuichukue ile karatasi yake. Msishangae tukiingia katika mambo ya vyuma. Dhamiri isiyojua kitu kinavyofanya kazi haiwezi kukihukumu.

Colt ya mfano wa 1911 iliitwa hivyo kwa sababu mwaka huo ndipo jeshi la Marekani lilipoichukua. Aliyeibuni ni John Browning. Huyo huyo ndiye aliyeanza kubuni ile nyingine iliyobeba jina lake, akafariki Ubelgiji mwaka 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive akaimaliza. Ilitoka mwaka 1935, na magazini yake ilichukua risasi 13, jambo kubwa kwa siku hizo. Ya tatu, ambayo Wakenya tunaiita Ceska, ni CZ 75 ya kule iliyokuwa Chekoslovakia, ya mwaka 1975, na jina hilo mmelisikia mara nyingi katika taarifa za polisi wetu. Zote tatu ni za chuma, na zina uzito wa kilo moja hivi, nyingine chini kidogo, nyingine juu kidogo, kabla ya kutia risasi.

Zote hufanya kazi kwa namna moja. Risasi hukaa katika magazini ndani ya mpini. Ukifyatua, sehemu ya juu hurudi nyuma kwa nguvu ya risasi yenyewe, hutupa ganda, hukoki nyundo, na kurudi mbele ikiingiza risasi nyingine katika chemba. Kila ukivuta kifyatulio, moja inatoka. Colt na Browning zinataka nyundo iwe imekokiwa kabla ya risasi ya kwanza. Kwa hiyo anayezibeba zikiwa tayari hutembea na nyundo imerudishwa nyuma na komeo la usalama limefungwa, na kidole gumba lazima kijue njia ya kulifungua hata gizani, hata mikono ikitetemeka. Ceska yaweza kubebwa hivyo, au nyundo ikiwa chini, na hapo risasi ya kwanza itataka mvuto mrefu na mzito. Lakini katika ile CZ 75 ya kawaida, ili kuishusha nyundo juu ya chemba yenye risasi, mtu huishika kwa kidole gumba huku akivuta kifyatulio. Kidole kikiteleza, hiyo imelia. Hebu fikirieni kitendo hicho kikifanywa chumbani, mtoto amelala upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Na hapa pana jambo ambalo tungependa kila mama mwenye mume wa namna hii alijue kama anavyojua jina lake. Kuchomoa magazini si kuitoa bastola risasi. Ile moja iliyokwisha kuingia chemba inabaki. Browning ya zamani ilitengenezwa isiweze kufyatuka magazini ikiwa nje. Colt 1911 na Ceska hazina kizuizi hicho, na zitafyatuka. Mtu aliyezoea ile moja akashika nyingine aweza kumwua mgeni wake huku akimwonyesha kwamba "haina kitu".

Hatusemi kwamba bastola hizi za zamani ni mbaya. Uzito wake hutuliza mkono, na komeo la usalama ni faida ya kweli mtoto akiipata kwa bahati mbaya. Zile za kisasa, za plastiki ngumu, zilizoenea tangu jeshi la Austria lilipoichukua Glock mwaka 1982, ni nyepesi zaidi, lakini nyingi hazina komeo la kufungua kwa kidole gumba: anayevuta kifyatulio amefyatua. Kila moja ina deni lake. Tunalouliza ni kama bwana anaijua ile anayoipenda, au anampenda tu mjomba wake.

Maana tazameni: Kyuso ni joto. Wanaume huvaa shati jepesi. Kilo moja ya chuma inavuta suruali upande mmoja, na shati jepesi haliifichi. Itambidi avae koti, na mtu anayevaa koti Kyuso saa nane mchana amejitangaza kwa soko zima. Kwa hiyo litakalotokea tunaweza kulitabiri bila kuwa manabii. Wiki ya kwanza ataibeba. Wiki ya tatu, akiwa anapakia mbuzi, itamkwaruza ubavuni, ataivua na kuiacha garini. Mwezi wa pili ataiacha nyumbani "kwa leo tu". Na bastola isiyokuwa kiunoni mwa baba iko mahali pengine: juu ya kabati, chini ya mto, ndani ya sanduku la nguo, nyuma ya sufuria kubwa ya sherehe. Ameinunua kwa ajili ya barabara, na sasa inaishi na watoto.

Hii ndiyo sababu tunasema kwamba swali la uzito, ambalo laonekana ni swali la fundi, ni swali la mume na mke. Ukichagua silaha ambayo hutaweza kuibeba kila siku, umechagua silaha ya kuachwa nyumbani. Je, hilo ndilo ulilomwambia mkeo?

Wazee wa Ukambani walikuwa watu wa upinde. Mishale yao ilipakwa sumu ya mti wa msunguti, na mchubuko mdogo ulitosha kuua mnyama mkubwa. Waliishi na sumu hiyo katika boma moja na wake na watoto. Walifanyaje? Ncha zilizopakwa zilizungushiwa ngozi laini, ambayo ilizuia sumu isikauke na pia ilimlinda anayepita. Mshale haukuvuliwa ngozi yake ila wakati wa kuwinda au kupigana. Hakuna aliyefikiri kwamba mwindaji anayefunga mishale yake ni mwoga. Mwindaji aliyeiacha wazi ndiye aliyekuwa mjinga.

Tuzungumze pia juu ya jambo zito zaidi, na tunaomba mlisome pamoja. Hatari ya silaha ya nyumbani haiko kwa watoto tu. Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya watu waliouawa majumbani mwao katika wilaya tatu za nchi hiyo. Walikuta kwamba nyumba yenye bunduki au bastola ilihusiana na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara 2.7 kuliko isiyo nayo, na kwamba karibu ongezeko lote lilikuwa la kuuawa na mtu wa nyumbani au wa karibu sana, si na mgeni aliyevunja mlango. Wako waliobisha, wakisema kwamba huenda watu walio hatarini ndio wanaonunua silaha. Ni hoja ya haki, na Marekani si Kyuso. Hata hivyo hasira ni ile ile, na huzuni ni ile ile. Mvua ikikosa misimu miwili, mbuzi wakifa, mkopo ukadaiwa, baba akanyamaza wiki nzima: je, usiku kama huo mngependa nini kiwe juu ya kabati? Mtu mwenye kamba ana muda wa kutembea hadi mtini, na njiani aweza kukutana na jirani. Kifyatulio hakina jirani.

Tunajua bwana atasema, "Mimi si mtu wa namna hiyo." Huenda ni kweli. Lakini nani wa kulishuhudia hilo? Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka mwombaji awe na sababu nzuri ya kuhitaji silaha, na haimruhusu mtu wa tabia ya ulevi, wala asiye na akili timamu, wala yeyote ambaye kwa sababu nyingine hafai kukabidhiwa. Cheti kina muda, na hufanywa upya. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliagiza raia wote wenye vyeti wachunguzwe upya, kwa sababu ilionekana kwamba silaha zilikuwa zimefika mikononi mwa wasiostahili. Maofisa huangalia karatasi, alama za vidole, kumbukumbu za mahakama. Lakini ni nani anayejua kwamba bwana huyu akinywa chupa tatu huanza kutafuta aliyemtukana mwaka juzi? Ni nani anayejua kwamba tangu mwenzake akatwe panga, huamka akipiga kelele? Anayejua analala upande wa pili wa kitanda.

Basi neno la mama katika jambo hili si adabu tu, kama vile kumwuliza mgeni anywe chai au soda. Yeye ndiye shahidi ambaye sheria ilimhitaji ikakosa namna ya kumwita. Mume anayeomba cheti bila kumwuliza mkewe amemficha shahidi.

Na kuna hili la kuficha. Bastola ya namna hii hubebwa ikiwa imefichwa, na ndivyo inavyopaswa. Mwanamume anayeiweka mezani baa ili apewe heshima ni hatari kwa kila mtu, na kwanza kwake mwenyewe, kwa maana wahalifu hutafuta silaha kuliko wanavyotafuta pesa. Nyumba ikijulikana kwamba ina bastola, imepata sababu mpya ya kuvamiwa. Hivyo siri hiyo lazima ilindwe. Lakini atakayeilinda ni nani? Ni mama pia. Asiitaje katika chama, asimwambie dada yake, watoto wakiuliza awe na jibu. Akija mtu kuvunja mlango baba akiwa Mwingi, atakayewekewa panga shingoni aseme iko wapi ni yeye. Mzigo huo utakuwa juu yake usiku na mchana. Mnamtwika mtu mzigo bila kumwuliza kama ana nguvu za kuubeba? Kilichofichwa machoni pa soko kisifichwe machoni pa mwenzi, vinginevyo si bastola tu iliyofichwa humo ndani.

Huenda bwana akatutajia Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo lile la Nairobi na kuua watu 67, raia wachache wenye vyeti waliingia na bastola zao pamoja na polisi waliovaa kiraia, wakawatoa watu wengi. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, aliingia kwa sababu nduguye alikuwa ndani. Hatuna budi kumvulia kofia. Wapo watu walio hai kwa sababu siku ile mtu fulani alikuwa na silaha kiunoni na alijua kuitumia.

Lakini akitutajia Westgate, nasi tutamtajia Soysambu. Mwaka 2005 Tom Cholmondeley, mrithi wa shamba hilo kubwa huko Bonde la Ufa, alimpiga risasi ofisa wa wanyamapori aliyevaa nguo za kiraia, akasema alidhani ni jambazi. Mashtaka yaliondolewa. Mwaka uliofuata alimpiga risasi mtu mwingine katika shamba lile lile, Robert Njoya, naye akafa. Mwaka 2009 mahakama ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Wajane wawili. Sheria yetu ya adhabu, katika kifungu cha 17, inatambua haki ya kujitetea, na mahakimu hupima kama nguvu iliyotumika ilikuwa ya kadiri. Lakini hakimu hupima baadaye, mchana, akiwa ameketi. Barabarani kati ya Kyuso na Mwingi, saa mbili usiku, mtu anayesimamisha gari kwa mkono aweza kuwa jambazi, au polisi, au jirani ambaye pikipiki yake imeharibika na mkewe yuko na uchungu wa kuzaa. Mwenye bastola ana sekunde mbili za kujua.

Petro alikuwa mume wa mtu, maana tunasoma habari za mama mkwe wake. Na usiku ule bustanini alikuwa na upanga. Alimpenda Bwana wake, alikuwa na sababu nzuri kabisa, na hatari ilikuwa ya kweli. Aliuchomoa mara moja tu, akamkata sikio mtumishi. Wale wenye mamlaka ya kumkamata Yesu hawakuguswa. Sisi tunaona kwamba Petro hakukosa ujasiri. Alikosa mazoezi, na ilikuwa usiku. Sasa bwana wa Kyuso atafanyia wapi mazoezi? Viwanja vya shabaha viko mbali, Nairobi na kandokando yake. Risasi za mazoezi zina bei. Bastola ya kukoki na kufungua komeo haisamehi mkono uliosahau. Kama hana uwezo wa kusafiri mara kwa mara kujifunza, basi anabeba kitu ambacho siku ikifika atakitumia kama Petro.

Mtatuuliza: basi mnasema asinunue? Hatusemi hivyo kwa kila nyumba. Iko familia ambayo baba ametishwa kwa jina, ametulia kwa tabia, hanywi, ana sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na mkewe amekubali akijua yote. Hatuwezi kumwambia mtu huyo kwamba ametenda dhambi. Tunachosema ni kwamba wawili hao waketi, watoto wakiwa wamelala, na mume aanze kwa kueleza hofu yake, siyo bastola yake. Wanaume wengi wanaona ni rahisi zaidi kutaja namba ya risasi kuliko kusema, "Mama, ninaogopa." Na wewe mama, usimkatize. Usianze na "sitaki kitu hicho nyumbani mwangu" kabla hujasikia anachokiota usiku. Ukikataa, kataa baada ya kusikia.

Halafu wafanye jaribio moja dogo lisilogharimu hata shilingi. Dukani kwa bwana kuna mizani, na mizani ina jiwe la chuma la kilo moja. Alichukue jiwe hilo, alitie katika mkoba mdogo, alifunge kiunoni chini ya shati kuanzia asubuhi anapovaa viatu hadi usiku anapolala. Mnadani, garini, kanisani, msalani, kwenye matanga, nalo. Asimwambie mtu. Kila jioni alivue mbele ya mkewe na kuliweka mahali pale pale ambapo bastola ingekaa, na ufunguo ukae pale ambapo ufunguo ungekaa. Afanye hivyo kwa wiki mbili.

Bwana wetu wa mfano alicheka alipoambiwa, lakini alikubali. Siku ya kwanza alilibeba hadi jioni. Siku ya pili alilalamika kwamba linamchoma nyonga akiendesha. Wakapima pamoja mahali pa kuweka sanduku, wakakuta kwamba ukuta wa chumba hauwezi kushika misumari mikubwa, na kwamba kila mahali pengine kitinda mimba wao, aliye na miaka sita, hupafikia kwa kupanda kiti. Siku ya tano ilikuwa ya mnada. Bwana alirudi amechoka, akaoga, akala, akasikiliza habari. Mama alipokuwa akitoa vyombo alimkuta mtoto sakafuni chini ya meza, amelishika jiwe la kilo kwa mikono miwili, akimwelekezea paka.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Kwenye kiti cha gari. Baba amelisahau."

Bwana alisikia kutoka sebuleni. Alizima redio.